Raba za Kobe

"Shangazi, kama baba anakuchukia hivyo, kwa nini kila mara unamletea yeye gari?"

Binti wa fundi alikuwa darasa la tatu alipouliza swali hilo, mdomo umejaa mkate, katikati ya gereji, wateja wanasikia na baba mwenyewe anasikia. Fundi alijitia hamnazo, kichwa kimezama chini ya boneti. Shangazi alimtazama mtoto, akatazama mgongo wa kaka yake, akasema, "Tafuna kwanza, umeze." Swali likaachwa hapo hapo sakafuni pamoja na oili.

Mtaa mzima ulijua kwamba kaka na dada hawa hawapikiki chungu kimoja, na chanzo kilikuwa gari. Baba yao alikuwa na gari dogo la rangi ya majani makavu, mgongo umeinuka, ambalo nyumbani waliliita Kobe. Fundi, mtoto wa kwanza, ndiye aliyemlea Kobe. Alijifunzia ufundi humo, akaifungua na kuifunga ile injini mpaka akaijua kwa kupapasa tu. Kisha mzee akaugua, na siku moja akamwita binti yake kitandani, akamkabidhi funguo. "Kaka yako ana gereji," alisema. "Wewe huna kitu." Fundi alikuwa amesimama mlangoni, bado ana grisi mikononi. Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye kiti cha dereva cha Kobe. Gari likiletwa, anapenyeza mkono dirishani, anawasha injini akiwa nje, kisha anasimama mbele ya boneti iliyo wazi na kusikiliza.

Shangazi naye alimtafutia Kobe kazi. Kila asubuhi alizunguka kwenye zahanati ndogo ndogo, akakusanya chupa za damu za wagonjwa na kuzipeleka maabara kubwa katikati ya mji. Manesi walimwita Mama Chupa. Ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipata bila kumpigia mtu magoti, na aliilinda kama mboni ya jicho.

Shida ilianzia chini ya injini. Injini ya gari haikalii chuma kitupu. Imekalia raba nene zilizoshikwa na vyuma, mafundi wanaziita mauntingi, na hizo ndizo zinazomeza mtetemo usimfikie aliyeketi ndani. Raba za Kobe zilikuwa zimezeeka. Shangazi akinunua moja mpya, ya bei ya chini, inafungwa, haikai sana inachanika. Anarudi gereji.

"Malkia umerudi?" ndiyo salamu ya fundi. "Leo umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Kazi yako ndiyo haidumu."

"Kazi yangu! Unaniletea raba ya kandambili halafu unataka ibebe injini?"

"Funga, kaka. Maneno mengine weka akiba."

"Basi mpigie simu aliyekupa funguo, aje akufungie."

Wateja waliokuwa wakicheka wakanyamaza, maana wote walimzika yule mzee. Shangazi alisubiri kazi iishe, akaondoka bila kuaga. Njiani akala kiapo: atanunua raba zisizokatika maisha, asiuone tena uso ule.

Duka la vipuri lilikuwa chumba chembamba kilichojaa maboksi mpaka darini. Muuza duka alimvutia kiti, akamwita mama, akampangia mzigo kaunta.

"Hizi mpya za bei poa, unazijua. Hizi za mtumba, zimetoka kwenye gari lililokufa, lakini ni zile zile za kiwandani. Na hizi..." Akashusha sauti kama anauza dhahabu. "Hizi za magari ya mashindano. Ngumu, hata jino la mamba haliingii. Utazikwa nazo, mama."

Shangazi aliibonyeza moja kwa dole gumba. Haikubonyea.

"Nikifunga hizi, fundi wangu nitamwona tena lini?"

"Fundi? Labda kwenye msiba wake."

"Nipe seti nzima."

Fundi alizipokea, akazigeuzageuza, akamtupia dada yake jicho la pembeni. Kuna kitu kilipita usoni mwake, kama tabasamu lililoghairi.

"Una hakika?"

"Nimekuomba ushauri?"

"Hapana."

"Basi funga."

Akafunga. Akapenyeza mkono dirishani, akawasha, akasimama nje kusikiliza. Kwa aliyekuwa nje, Kobe alinguruma kwa afya tele.

"Mzima," fundi akasema. "Usirudi."

"Sirudi ng'o."

Kwenye taa nyekundu ya kwanza, mguu ukiwa kwenye breki, Shangazi alisikia meno yake yakigongana. Usukani ulitetemeka. Kioo cha pembeni kilitetemeka mpaka lori la nyuma likawa malori mawili. Kijidroo cha mbele kikafunguka chenyewe, kikamtemea kalamu na risiti mapajani. Alijiambia ni ugeni tu, zitazoea.

Chupa hazikuzoea. Pale maabara mapokezi yalikuwa ya mwanamke mkavu, miwani puani, ambaye madereva walimwita Bi Darubini. Alikuwa na desturi ya kuinua kila chupa kwenye mwanga. Damu ikishatulia na kujitenga, maji yanayobaki juu hutakiwa kuwa ya njano. Ya siku ile yalikuwa mekundu kama sharubati.

"Mama Chupa, unabeba damu au unasukasuka maziwa?"

"Mbona naendesha polepole, Bibi."

"Chembe zimepasuka. Hii haipimiki. Na hii. Na hii ni ya mtoto mchanga, walihangaika kuutafuta mshipa wake mpaka mama naye akalia. Sasa arudi akachomwe tena."

"Nitaweka sponji."

"Sponji kaweke kwenye kochi lako. Wapo wenye magari mapya wanalala mlangoni kwangu wakiitaka kazi hii."

Shangazi aliweka sponji, akaongeza na mto wake wa kulalia. Wekundu ukapungua, njano haikuja. Ijumaa Bi Darubini alimrudishia kasha la chupa bila kumtazama. "Jumatatu ukija na damu ya namna hii, hata usishuke garini."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Usiku alimeza kiapo chake kama dawa chungu, na Jumamosi asubuhi Kobe akaingia gerejini akitetemeka kama mwenye homa.

"Nani huyu?" fundi akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani. "Si alisema harudi ng'o?"

"Ulijua," Shangazi akasema. "Ulijua zitatetemesha gari."

"Nilijua." Hata haya hakuona. "Raba ngumu haimezi kitu. Mtetemo wote unamalizikia kwako. Hilo hata mwosha magari analijua."

"Na bado ukafunga."

"Ulinikataza kukushauri. Mimi mtu mtiifu."

Shangazi alifungua mlango wa dereva mpaka mwisho. "Kaa."

"Nikae wapi?"

"Humu. Unasimama nje na boneti yako wazi, unajidai unalisikia gari. Kaa ndani usikie ulichokifanya."

"Kiti hicho ni chako. Ulipewa."

"Kuna kichanga kimechomwa sindano mara mbili kwa ajili ya raba hizi! Mimi nilizinunua kwa kiburi, wewe ukazifunga kwa roho mbaya. Sasa kaa!"

Aliyekuwa akipiga nyundo kule nyuma aliacha. Fundi alijifuta mikono, akajifuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata. Kisha akaingia. Kiti kilikuwa bado na bonde la mgongo wa baba yao, naye akatumbukia humo bila kupenda. Aliwasha. Usukani ukaanza kumtikisa viwiko, mashavu yakacheza, na chupa tupu iliyosahaulika kwenye kiti cha pembeni ikarukaruka mpaka ikaanguka. Aliketi humo muda mrefu kuliko jaribio lolote la gari linavyohitaji. Alipozima na kushuka macho yalikuwa mekundu, ila mdomo haukuwa umepata nafuu yoyote.

"Mjinga wewe," alisema. "Twende."

Walikwenda kwenye uwanja wa magari yaliyokufa, nje ya mji. Shangazi aliona gari la aina ya Kobe, akachutama, akaonyesha raba yake. "Hii nzuri."

"Hilo liligongwa mbele. Injini ilisukumwa, raba imechanika kwa ndani. Huoni?"

"Nitaionaje ya ndani?"

"Ndiyo maana nakuambia funga mdomo."

Alitafuta mpaka akapata lililogongwa nyuma, pua yake nzima kabisa. Akaingiza mtaimbo, akaiinua injini kidogo, akaitazama raba ikinyooka na kurudi mahali pake. Akakuna kwa ukucha kutafuta nyufa. Akazitoa zote kwenye gari hilo hilo moja.

"Ulikuwa unabadilisha moja moja," alisema akiwa amelala chini, kama anayezungumza na gurudumu. "Mpya inabebeshwa mzigo wa zilizochoka, inakufa. Ni kama kumpa mtu mmoja jeneza alibebe peke yake."

"Ungeniambia zamani."

"Ungesikia?"

Shangazi akaziokota raba, akazipeleka garini.

Gerejini fundi alifunga raba zote, lakini bolti aliziacha zimelegea. Akaingia mwenyewe kwenye kiti cha dereva, hakuambiwa, akawasha. Injini ikajitikisa, ikatafuta mkao wake juu ya zile raba kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia. Ilipotulia akazima, akaenda kukaza. Kisha akamtupia dada yake zile ngumu miguuni. "Chukua mawe yako."

Jumatatu Bi Darubini aliinua chupa kwenye mwanga. Akaigeuza. Akavua miwani, akaivaa. Njano. "Shusha na hizo nyingine," alisema, na pale maabara hayo yalikuwa maneno matamu.

Shangazi alipitia gereji jioni ile. "Zimekubaliwa," alisema kwa mbali.

"Nani kakuuliza?" fundi akajibu chini ya gari la mtu mwingine.

Hawajapatana mpaka leo. Kwenye harusi hukaa meza tofauti, na malkia bado ni malkia. Kobe bado anabeba chupa. Binti wa fundi sasa yuko kidato cha tatu, na juzi, akipewa lifti ya shule, alilirudia swali lake la zamani, safari hii bila mkate mdomoni. Walikuwa kwenye taa nyekundu. Usukani ulikuwa umetulia tuli mikononi mwa Shangazi.

"Yule muuza duka alinichekea tangu naingia mpaka natoka, akaniuzia mawe," Shangazi alisema. "Baba yako ananichukia mimi, hamchukii Kobe. Mara moja tu alinichanganya na Kobe."