Sanduku la Chuma Sebuleni

Sanduku bado liko ukutani, upande wa kulia ukiingia. Juu yake nimeweka redio na miwani yangu. Ndani hamna kitu. Wageni wakiuliza ni la nini huwaambia ni la vyombo, nao hawaulizi zaidi, kwa sababu katika nyumba za mtaa huu kila mtu ana kitu amekifungia mahali.

Nililiweka kwa ajili ya kompyuta ya binti yangu.

Huyu ni kitindamimba, na baada ya mama yake kufariki ndiye peke yake aliyebaki nami. Kazi yake ni kuchora majengo ambayo hayajajengwa. Ofisi inamtumia vipimo, naye anavigeuza kuwa picha zinazotembea, unaingia mlangoni, unapanda ngazi, unaona jua limepiga sakafu ya jikoni. Kuchora ni sehemu yake yeye. Sehemu ya kompyuta ni kukaa saa nyingi ikipiga hesabu za mwanga na kivuli mpaka picha iive, na wakati huo inapata moto kweli. Ile aliyokuwa nayo ya kubebea mkononi aliipandisha juu ya vifuniko viwili vya sufuria ili hewa ipite chini, na bado ilizima.

Halafu ofisi ikaamua kuhamia Nakuru. Mkubwa wake alimwambia waziwazi kwamba mwenye mashine ya kubeba kazi anaweza kubaki Nairobi akafanyia nyumbani. Asiye nayo ahame, atumie za ofisi.

Sikumwomba abaki. Nilisema tu, wakati wa chai, kwamba goti langu halijapona na hospitali ya kule siijui. Alinitazama, akaendelea kukoroga chai. Wiki iliyofuata akaniambia, "Baba, naunda mashine yangu mwenyewe. Twende wote tukachague."

Tulienda kwenye vibanda vya mjini wanakouza kompyuta zilizotoka maofisini na vipande vyake. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, kofia kisogoni.

"Karibu mzazi! Karibu sista! Mnatafuta kasha la kompyuta? Chukua hili la kioo, lina taa. Likikaa sebuleni hata TV itaona wivu."

"Taa hazinichorei nyumba," binti yangu akasema. "Nipe lile lenye matundu mbele."

"Lile? Sista, lile ni chungio la chai!"

"Ndilo nataka."

Nikainama nikaliangalia. Lilikuwa jeusi, halina sura, na uso wake wote ulikuwa wavu wa chuma. "Mama," nikamwambia, maana ana jina la mama yangu na sijawahi kumwita vingine, "matundu yote haya, si mende watafanya nyumba?"

"Wataingia wakitoka, Baba. Hewa ndiyo muhimu. Hii kitu inapumua kama mtu."

Kisha ikawa zamu ya kadi ya picha, kile kipande kinachofanya kazi ngumu kuliko vyote. Mpya hatungeweza. Muuzaji akatoa moja iliyotumika, akaipangusa kwa shati.

"Hii ilikuwa ya msee anacheza gemu wikendi peke yake. Jumapili anaenda kanisa."

Binti yangu akazungusha feni yake kwa kidole, akaileta puani, akanusa. "Huyu msee hajaona kanisa. Hii imepikwa mchana na usiku."

Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Aki sista, umenishika. Ngoja." Akaingia nyuma akatoa nyingine, yenye feni mbili na mapezi manene ya alumini. Hiyo aliinusa pia, akaigeuza, akaangalia vumbi lililoshika kwenye mapezi. Alisema nayo imetumika, ila haijateswa. Inahitaji kutunzwa tu.

Nayakumbuka maneno hayo. Yalisemwa nikiwa nimesimama hapo.

Tuliiunganisha mezani, mchana, pazia limefunguliwa. Mimi nilishika tochi na kumpa skrubu. Juu ya prosesa, kile kibati kidogo kinachofikiri, alidondosha dawa ya kijivu kiasi cha punje ya dengu, akashusha juu yake pande la mapezi na feni. Akanieleza kwamba dawa ile inaziba nafasi ndogo ambazo jicho halioni, ili joto lipande kwenye mapezi na feni ilitoe. Feni za mbele zinavuta hewa baridi, ya nyuma inatoa ya moto. Alinishika mkono akauweka nyuma ya kasha ilipowaka, nikausikia upepo wa vuguvugu kwenye kiganja.

Nikamwambia hayo nayajua. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa Baba Dogo, kwenye kiwanda cha beseni na ndoo, nikisimamia mashine ya kuyeyusha plastiki. Umbo la chuma linalotoa beseni lilipozwa kwa maji yaliyopita kwenye mabomba. Maji yakikatika, beseni zinatoka zimepinda, na ukizubaa umbo lenyewe linaharibika. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, niliweka kiganja kwenye bomba. Likiwa baridi, naanza. Likiwa na joto, nagoma, hata msimamizi apige kelele namna gani.

"Kumbe mzee wangu ni fundi wa kupoza," akasema.

Sijui kama nimewahi kupewa sifa iliyonifurahisha hivyo.

Sasa nitaeleza la wizi. Mama yake alipofariki, watu walijaa hapa nje, jirani kwa jirani, hema likasimamishwa, kila jioni mikutano ya kupanga safari ya kumpeleka nyumbani, magharibi. Mtaa mzima ulijua siku ya kuondoka. Tuliporudi kutoka mazishini tulikuta mlango umesimama vizuri, umefungwa, na nyumba tupu. Televisheni, jiko la gesi, hata cherehani yake. Walipitia kwenye paa. Mtu aliyekunywa chai yetu chini ya hema ndiye aliyejua lini paa letu halitakuwa na mtu chini yake. Tangu hapo nikiona hema la matanga popote mtaani, mkono wangu unatafuta funguo.

Kwa hiyo nilimwambia binti yangu tuifungie mashine. Akakataa. "Baba, hapana. Utaiziba pumzi." Lakini aliposafiri kwenda kuiona ofisi mpya, nilienda Gikomba kwa fundi wa kuchomelea, nikampa vipimo.

"Mzee, nikutobolee matundu?" akaniuliza.

"Machache. Madogo. Mkono usiingie, wala waya."

"Unaweka kuku ama nini?"

"Weka mlango na mahali pa kufuli," nikamwambia.

Lilikuja kwa mkokoteni. Nililifunga ukutani kwa bolti nne nikazijaza saruji. Soketi ya umeme nayo niliiweka ndani, ili mwizi asipate hata waya wa kuvuta. Nyuma ya kompyuta, pale upepo wa moto unapotokea, palikuwa na ukuta. Nilipima kwa vidole, nikaona panatosha. Sikuweka kiganja.

Aliporudi alisimama mlangoni na begi mkononi akalitazama muda mrefu.

"Umeuliza nani, Baba?"

"Hii ni nyumba yangu, naulizaje?"

Tulizozana, kisha tukapatana vibaya, kama watu wa nyumba moja wanavyopatana. Kompyuta ingekaa ndani, lakini wakati wa kazi mlango wa sanduku uwe wazi kabisa na feni ya meza iupulizie. Ufunguo ningekaa nao mimi.

Ofisi ikampa kazi ya kumpima. Ulikuwa mtaa mzima wa nyumba, kuanzia lango hadi bustani za nyuma, na picha zake zilitakiwa Jumatatu asubuhi. Zikifika, anabaki nami. Zisipofika, Nakuru. Alichora mpaka macho yakawa mekundu, na Jumamosi akaiachia kompyuta ianze kuivisha. Ingemaliza Jumapili jioni. Kulikuwa na joto la Januari, lile linaloshuka kutoka kwenye mabati kama mtu amekukalia mabegani.

Jumapili asubuhi alivaa kwenda kanisani, kwa kuwa anaimba kwaya. Akarekebisha feni ya meza, akaniambia, "Baba, usiguse. Na usifunge, tafadhali."

"Nenda, mama. Mimi niko."

Ningekaa, kama si jirani wa mstari wa pili aliyekuwa amefariki wiki hiyo. Hema lilikuwa limesimamishwa karibu na choo cha zamani, na wazee wakatuma mtu kuniita, kwa sababu mipango ilikuwa imekwama juu ya basi la kusafirisha mwili. Nilivaa koti. Nilifika mlangoni nikaliona hema, nikaona vijana nisiowajua wamekaa kwenye viti vya kukodi. Nikarudi ndani. Nikasogeza feni ya meza, nikafunga mlango wa sanduku, nikabana kufuli. Nilijiambia ni kwa saa moja.

Chini ya hema mambo yalirefuka. Watu wa upande wa marehemu walitaka basi kubwa, wengine wakasema nusu ya wanaotaka kupanda wanafuata chakula tu. Mmoja akasema, "Wewe mwenyewe ulipanda la mwaka jana ukashukia Kisumu kwa mchumba!" Tukacheka, wakati mashine ya mtoto wangu ilikuwa inakosa pumzi.

Nilimwona akija mbio na sare ya kwaya, viatu mkononi. Hakupiga kelele mbele ya wazee. Alipita nyuma ya viti, akainama sikioni mwangu.

"Baba, ufunguo. Feni zinalia. Nipe ufunguo."

Mzee aliyekuwa akizungumza alinyamaza akatutazama. Wote walitutazama. Na mimi, niliyekuwa na ufunguo mfukoni, ambao ningeutoa bila hata kusimama, niliona aibu kwamba binti amenikatiza kikao.

"Subiri, mama," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Wazee wanaongea."

Alisimama nyuma yangu. Hotuba iliendelea. Nilisikia anavyohema. Mzee alipomaliza nilishukuru, nikaomba ruhusa, nikachukua fimbo, nikatembea kwa mwendo wangu wa goti, na ni njiani tu ndipo nilipompa ufunguo. Alikimbia akaniacha.

Nilipofika sanduku lilikuwa wazi na ndani kimya. Niliweka kiganja kwenye chuma nikakiondoa haraka, kama aliyegusa jiko. Kulikuwa na harufu ninayoijua tangu kiwandani. Kompyuta ilikuwa imejizima. Alilivuta kasha nje, akafungua ubavu wake, akapepea kwa kitabu cha nyimbo. Tulingoja ipoe. Alipoiwasha ilikubali, feni zikazunguka, nikasema, "Asante Mungu," lakini kwenye kioo cha kompyuta kulikuja mistari, mistari ya rangi kutoka juu hadi chini, na nyuma ya mistari hamkuwa na kitu. Alizima akawasha tena. Alitoa kadi ya picha akaifuta, akairudisha. Mistari ileile. Akaileta puani, akanusa, akaiweka mezani taratibu kama kitu cha mtu mwingine.

"Nitanunua nyingine," nikasema.

"Ni kesho asubuhi, Baba."

Alienda chumbani. Afadhali angenifokea.

Aliandikia ofisi, na ofisi ikamjibu kwa heshima kwamba wanamngoja Nakuru. Siku aliyofunga mizigo alinikuta nimekaa mkabala na sanduku. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa aende nacho. Nikamwambia kwamba wezi niliwaogopa kweli, lakini nilipokuwa nikikoroga ile saruji sikuwa nikiwafikiria wezi. Nilifikiri kwamba mashine iliyoshikana na ukuta haihami, na mwenye mashine pia.

Alifunga zipu ya begi. Halafu akasema, "Ningebaki tu, Baba. Hukuhitaji bolti." Akachukua kasha kifuani, lile chungio la chai, akalipeleka garini mwenyewe.

Hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Juzi nilisikia kitu kinavuma nyuma ya sauti yake, nikauliza ni nini.

"Ni kompyuta. Nimeiwekea kadi ingine. Inafanya kazi sasa hivi."

"Umeiweka wapi?"

"Mezani, karibu na dirisha. Nimeacha ubavu wazi."

Nilitaka kuuliza kuhusu dirisha, lina vyuma au halina, na majirani ni watu wa namna gani. Nilibana meno. Nikamwomba tu asogeze simu karibu na ile feni ya nyuma, na akafanya hivyo bila kuuliza kwa nini. Nikasikiliza. Ilikuwa inazunguka sawasawa, haihangaiki.

Nimejaribu kung'oa sanduku. Saruji nilichanganya vizuri mno.