Vichupa Viwili vya Damu

Mwaka ule nilikuwa peke yangu katika maabara ya kituo kidogo cha afya huko Chaani. Kwa kawaida tulikuwa wawili, lakini mwenzangu alikwenda likizo ya uzazi na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Niliahidiwa mtu baada ya wiki mbili. Ikapita miezi mitatu.

Asubuhi nikifika kutoka Mikindani, ninakokaa, nilikuta benchi limeshajaa: watoto wenye homa, wazee wa kisukari, wanaume waliotumwa kupimwa kabla ya kupewa kazi, na siku za kliniki, kina mama waja wazito na vitabu vyao mapajani. Nilitoa damu mwenyewe, nikaandika lebo mwenyewe, nikainama kwenye darubini, nikajaza rejista, nikatoa majibu dirishani, na mwisho nikaosha vioo vya kupimia. Chai niliyomimina saa nne nilikuja kuikumbuka saa nane, imefanya utando juu.

Nyumbani nilikuwa si mtu. Mume wangu akiniuliza jambo, nilimjibu kwa maneno mawili na macho yangu yako kwingine.

"Mimi si foleni," aliniambia siku moja, na hakuwa akitania.

Katikati ya hali hiyo msimamizi wa kituo aliingia maabara na barua mkononi. Kulikuwa na kongamano la wataalamu wa maabara, siku tatu, katika hoteli moja ya Bamburi. Kituo chetu kilikuwa kimechaguliwa kueleza jinsi maabara ndogo, yenye watu wachache, ilivyopunguza makosa.

"Wewe ndiye utakayezungumza," alisema, na nilimwona amefurahi kuliko mimi.

Lakini na mimi nilifurahi, wallahi. Siku tatu za kukaa kwenye kiti.

Kongamano lilikuwa lianze Jumatano. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo akaja mwanamke mmoja mja mzito, mcheshi, ameshika karatasi mbili.

"Dada, hebu niambie. Damu ya mtu hubadilika?"

Alikuwa amekwenda hospitali kubwa kupangiwa upasuaji, na huko wakamwandikia kwamba damu yake ni O chanya. Kitabu chetu cha kliniki, kwa mwandiko wangu mimi, kilisema O hasi. Yeye alicheka. Mimi sikuweza. Nilimtoa damu tena, nikapima. O chanya.

Alipoondoka nilifungua rejista. Ilikuwa siku moja miezi miwili nyuma, siku ya foleni ndefu. Nambari iliyofuata yake ilikuwa ya mwanamke mwingine, mimba ya kwanza, na majina yao ya kwanza yalifanana. Waliketi pamoja kwenye benchi, nikawatoa damu mmoja baada ya mwingine, na lebo nikaandika baadaye, vichupa vyote viwili vikiwa mezani. Nakumbuka hata nilichokuwa nafanya: nilikuwa namjibu mtu dirishani. Huyo wa pili nilimwandikia O chanya. Kwa hivyo hasi alikuwa ni yeye.

Kosa hili halionekani siku hiyo wala mwaka huo. Mama mwenye damu hasi akizaa mtoto mwenye damu chanya, mwili wake huweza kujifunza kuipiga vita damu ya namna ile. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati neno. Wanaomfuata ndio huumia: huzaliwa wamepungukiwa damu, wamegeuka manjano, na wengine hufa. Iko sindano ya kuzuia hayo yote, lakini baada ya kuzaa inatakiwa ichomwe kabla ya siku tatu kwisha. Na mkunga hawezi kufikiria kumchoma mama ambaye kitabu chake kimeandikwa chanya.

Nilipiga simu ya yule mwanamke wa pili. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, kisha nikaenda kwa msimamizi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Tarehe yake ni lini?" aliuliza.

"Wiki hii, au ijayo."

Alivua miwani. "Endelea kumpigia. Ukirudi kutoka kongamanoni tutamtafuta."

"Na akizaa kabla?"

"Si ni mimba ya kwanza? Mtoto atakuwa mzima."

"Na wa pili?"

Alivaa miwani yake tena, akasema kwa upole, "Na huko Bamburi, tafadhali, jambo hili lisitajwe."

Ningeweza kukataa kwenda. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Nilichofanya ni kumwomba mama mmoja anayejitolea kutembelea wagonjwa majumbani, pale pale Chaani, aende anitafutie nyumba ya yule mwanamke. Kisha nikapiga pasi nguo zangu.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya mashine mpaka wanawake tukajifunika mitandio mabegani. Tulipewa mikoba, kalamu, na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Mgeni wa heshima alichelewa, na alipofika alizungumza juu ya ubora kwa muda mrefu. Kila aliyefuata alizungumza juu ya ubora. Mimi nilikuwa na simu mapajani, naitazama kila mara. Jirani yangu wa meza alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa maabara wa miaka mingi kutoka upande wa Likoni, mwenye sauti ya chini na mazoea ya kuandika kila kitu kwenye daftari dogo. Aliniona, lakini siku hiyo hakuuliza.

Zamu yangu ilikuwa Alhamisi, saa tano. Nilipanda jukwaani. Slaidi tatu za mwanzo hazikuwa na neno. Ya nne ilisema kwamba tangu tuanze kukagua lebo mara mbili, hatujapata hata kisa kimoja cha sampuli kuchanganyika. Nilikuwa nimeiandika kabla ya Jumatatu, nikiamini ni kweli. Ningeweza kuiruka. Ningeweza kusema, jamani, hii si kweli tena. Niliisoma neno kwa neno, na sauti yangu haikutetemeka. Mpaka leo hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba haikutetemeka. Nilipigiwa makofi. Mwenyekiti wa kikao akasema, "Huu ndio mfano wa kuigwa."

Wakati wa chakula cha mchana simu ikaita. Alikuwa yule mama wa Chaani niliyemtuma. Nyumba ameipata, imefungwa. Mwenye nyumba anasema binti alikwenda kuzalia kwa mamake, Mwandoni, huko Kisauni. Mamake huuza mbaazi na mahamri, kila mtu anamjua. Na wamesikia ameshajifungua mtoto wa kiume.

Nilirudi mezani nikakaa mbele ya sahani yangu.

"Mbona huli?" aliuliza yule mama wa Likoni.

Nikamwambia. Nikamwambia habari za vichupa, rejista, msimamizi, na slaidi ya nne. Hakunikemea. Aliuliza jambo moja tu.

"Amezaa lini?"

"Sijui."

"Hujui, na sisi tumekaa hapa tunatafuna kuku?"

Akasimama, akachukua mkoba wake. Kutoka Bamburi mpaka Mwandoni si mbali. Tulipanda tuktuk, na tulipouliza mama wa mbaazi, mtu wa kwanza akatuonyesha njia.

Tulibisha hodi. Mama mwenyewe alitoka akifuta mikono kwa leso, mwanamke mwembamba, wa watu wa bara ya karibu, kutoka pande za Kaloleni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchangamfu, akatuketisha. Alidhani tumekuja kumtazama mtoto. Binti yake alikuwa kitandani chumba cha mbele, ananyonyesha. Alinitambua.

"Dada wa damu," alisema, akatabasamu.

"Umejifungua lini, mwanangu?" aliuliza mwenzangu.

"Jumanne alfajiri."

Nilihesabu. Tulikuwa na mchana huo, na usiku wake, basi.

Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye kosa. Nilisema kwamba kitabu chake kina majibu ya mtu mwingine, na kwamba niliyeyaandika ni mimi. Nilieleza sindano, na kwa nini lazima twende hospitalini sasa hivi. Binti alimtazama mamake. Mama alinitazama mimi.

"Huyu hajatoka arobaini," alisema. "Hana hata siku tatu. Umpandishe gari, umpeleke kwenye upepo, kwa kosa lako wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto ana ugonjwa gani?"

"Huyu hana. Ni wale watakaokuja baada yake. Huweza kuzaliwa manjano, na wakafa."

Nilimwona akikaa. Alikaa polepole kwenye ukingo wa kitanda, mkono mmoja ukiwa bado umeshika leso.

"Manjano," alisema.

Aliikunja leso mapajani.

"Mimi nimezaa wanne. Wa kwanza yu hai. Wa pili alitoka na macho ya manjano, mwili wote manjano kama bizari, akafa siku ya nne. Wa tatu vivyo hivyo, huyo siku ya pili. Kwao mume wangu wakasema nina jicho, nawala watoto wangu mwenyewe. Nilirudishwa kwetu na mimba ya huyu." Alimgusa binti yake mguuni. "Huyu akazaliwa mzima, wakasema ni kwa kuwa nilishaondoka kwao."

Binti aliacha kunyonyesha. Nadhani hata yeye hakuwa amesikia habari hiyo yote.

"Ilikuwa ni damu?" mama aliniuliza.

"Sijui, mama. Huenda. Siwezi kusema bila kupima."

Aliinuka, akaenda sandukuni, akatoa kanga mbili nzito na kofia ya mtoto. "Mvalishe," alimwambia binti yake. "Twende."

Kituo cha karibu hakikuwa na ile sindano. Mwenzangu alisimama barabarani juani, akampigia simu mtu aliyewahi kumfundisha kazi, ambaye sasa yuko duka la dawa la hospitali moja kule kisiwani. Ilikuwepo. Tukavuka daraja la Nyali, sisi wanne na mtoto. Walipima damu ya binti na ya mwanawe mbele ya macho yangu. Binti O hasi, mtoto O chanya. Sindano ilichomwa alasiri. Binti alifumba macho, akauma ncha ya kanga, basi.

Mamake hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Tulipoachana alinisemesha neno moja. "Na usingekuja?"

Niliwatafutia gari la kurudi Mwandoni.

Ijumaa sikurudi kongamanoni. Nilikwenda kazini na kuandika barua ya kueleza kosa langu, ingawa sikuombwa. Msimamizi aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nataka kituo kizima kifungwe kwa ajili ya dhamiri yangu. Kwa wiki kadhaa hatukusemezana ila kwa lazima. Mwishowe aliipeleka barua juu, nikaitwa, nikaonywa kwa maandishi, na baada ya hapo ndipo mtu wa kunisaidia akaletwa. Waandaaji wa kongamano nao niliwaandikia kwamba slaidi ya nne haikuwa kweli. Walinijibu kwa mstari mmoja wa kunishukuru kwa maoni yangu, na cheti cha mzungumzaji wakanitumia vile vile.

Miezi miwili baadaye, asubuhi moja, nilimkuta mama wa mbaazi kwenye benchi langu. Ametoka Kisauni hadi Chaani, akapita vituo vingine vyote njiani. Nilimuuliza hali ya binti na mjukuu, akasema wazima, kisha akakunja mkono wa gauni.

"Nipime."

Nilimtoa damu. Niliandika lebo kichupa kikiwa mkononi, naye akitazama. Nilipima, nikarudia, na mara ya tatu nikamwita msaidizi wangu mpya apime bila kumwambia nimepata nini. O hasi.

Nilipomwambia hakulia. Aliomba karatasi. Nilimwandikia majibu, nikapiga muhuri, akaishika mbali kidogo na macho akisoma taratibu.

"Hapa hapajasema kitu," alisema. "Niandikie, mwanangu, kwamba si mimi niliyewaua. Nataka kuwapelekea watu wa mume wangu kule Kaloleni. Wako hai bado, waliosema."

Nilitamani kumwandikia. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini wale watoto hawakupimwa na mtu, na karatasi ile ingekuwa ya pili kwa mimi kuandika jambo nisilolijua. Nilimweleza hivyo. Nilimweleza pia kwamba moyoni mwangu sina shaka, na kwamba nitakwenda naye Kaloleni akitaka, niwaambie kwa kinywa changu damu hasi ni nini na hufanya nini.

Nyuma yake foleni ilikuwa inasogea.

"Kwa kinywa tu?" aliuliza.

"Kwa kinywa, mama."

Alikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. "Wao pia walisema kwa kinywa," alisema. "Jumapili, baada ya kanisa. Nitakungoja Mazeras."

Tulikwenda. Wazee walitusikiliza mpaka mwisho, wakatukaribisha maji. Wifi yake mmoja, mwanamke mzee kuliko wote, alitazama chini muda wote niliokuwa nasema. Hakuna aliyeomba radhi. Tulipokuwa tunarudi barabarani nilimwambia mama naona tumekwenda bure.

"Hapana," alisema. "Wamesikia."