Utando Juu ya Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sabini, Mkuu wa Maabara alinipa chupa za kupimia maji akasema, "Usiguse ndani ya kizibo." Nikamuuliza kwa nini. "Wewe usiguse tu." Basi sikugusa. Nilikuwa nimesoma madarasa machache, na kuajiriwa na chuo kikuu hapa Mahajanga, Madagaska, kulikuwa heshima kubwa kwetu. Sikutaka kuipoteza kwa maswali.

Niliosha chupa, nikazipika kwenye mtungi wa mvuke ili vijidudu vife, kisha nikaenda kuteka maji ya visima mitaani, au ng'ambo ya ghuba, Katsepy. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na sisi watumishi tulikuwa wengi mno kuelezwa mmoja mmoja.

Baada ya miaka kadhaa wahandisi wa chuo walitengeneza chujio la maji: pipa, changarawe chini, mchanga laini juu. Tulianzia mtaa wa Ampisikina, ambako watoto waliharisha kila msimu wa mvua. Kama lingefaulu pale, mitaa mingine nayo ingepata. Mhandisi mmoja alinituma niwaambie wanawake wamimine maji, wasiguse mchanga. Tuliongea Kimalagasi, na Kikomoro kidogo nilichopata kwa mama yangu. Hapa naandika kadiri ninavyokumbuka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Zalia, muuza vitumbua. Mjukuu wake hakuwa akipona tumbo.

"Bwana Chupa! Leo pipa? Mwakani utaniletea bahari?"

"Ni la maji ya kunywa, mama. Mchanga tu msiuguse."

"Hata ukichafuka?"

"Ndivyo walivyosema."

Maji niliyoteka kwenye yale mapipa yalionekana machafu kila yalipopimwa, na mtoto aliendelea kuharisha. Mhandisi akaja mwenyewe. Alikuta mchanga wa Mama Zalia mweupe kama chumvi. Kila Alhamisi wanawake waliutoa ule wa juu na kuusugua, kwa sababu ulikuwa umeota utando wa kijani unaoteleza, na Ijumaa, wageni wakija baada ya sala, hakuna aliyetaka kuwapa maji yaliyopita kwenye uchafu.

Garini mhandisi alishika kichwa. "Ule utando ndio unaosafisha! Ni viumbe hai, vinakula vijidudu. Huchukua wiki kadhaa kuota. Kwa nini hukuwaeleza?"

"Sikuambiwa, bwana."

Tulipofika chuoni alizima gari. Kisha akasema, "Ni kweli. Tuliona ni maelezo marefu."

Nimtendee haki: aliomba tuanze upya. Wakubwa wake walikataa, wakasema wakazi hawakufuata maelekezo. Hilo nalo halikuwa uongo. Mitaa mingine haikupata kitu, nami nikahamishiwa kisiwa cha Nosy Be, kwenye kituo cha utafiti wa bahari, kuteka maji ya chumvi pwani ya Ambondrona. Nilikaa huko miaka mingi. Mara nyingi niliwaza ingekuwaje kama ningerudi jioni moja tu Ampisikina kabla ya kuhama, nikawaeleza. Sijui kama wangenisikiliza. Sijui pia kama hiyo si njia yangu ya kujifariji.

Nilipostaafu nilirudi Mahajanga, nikaenda kwa Mama Zalia. Pipa lilikuwa limejaa mkaa. Mjukuu sasa ni dereva wa lori, ila tumbo lake, mama alisema, halijawahi kuwa zuri. Nikamweleza habari ya utando, vibaya vibaya, maana hata sasa sina hakika nimeielewa sawasawa.

Hakukasirika. Alifunua bakuli la unga wa vitumbua, umeumuka, unatoa mapovu.

"Hii chachu ni ya mama yangu. Kila siku nabakiza, naifunika, nailisha unga. Umewahi kuniona nikiiosha?"

"Hapana, mama."

"Basi mngesema tu kwamba ni kitu hai."

Akaanza kuchota na kumimina kwenye kikaango. Nikakaa nikimtazama. Alipofika chini ya bakuli aliacha kidogo, akaifunika kwa kitambaa.