Mlifikia kwa Nani

Tuliporudi mtaani kwetu Husby, katika nchi ya mume wangu, kutoka Amerika ya Kusini, mimi na yeye Mswidi wangu, akina mama wa kanisani walikuja na chapati kutupokea, kana kwamba tumetoka kuwasalimia ndugu zangu nyumbani. Tulikuwa tumezunguka miezi miwili na mabegi mgongoni, kutoka La Paz hadi maporomoko ya Iguazú. Mume wangu akawaonyesha picha kwenye kompyuta: milima, jangwa la chumvi, mimi nimesimama mbele ya maji.

Mama mmoja wa Bukavu akaniuliza, "Huko mlifikia kwa nani?"

Nikamwambia tulilala kwenye nyumba za wageni.

"Safari nzima? Hamkuwa na mtu?"

"Tulikuwa wawili, mama," nikasema kwa ukali.

Akamtazama mume wangu, asiyejua Kiswahili, akiendelea na picha zake. Kisha akanishika mkono kama anavyoshikwa mfiwa. "Pole, mwanangu."

Nilikasirika, hata chapati sikugusa. Lakini mgeni ni mgeni, nikawasindikiza mpaka kituo cha treni. Nikirudi peke yangu ndipo nilipotambua kwamba katika miji yote ile, hakuna hata mtu mmoja aliyetusindikiza tukiondoka.