Roketi Nene ya Penchalayya

Mjini Sullurupeta, ambako madirisha hutetemeka kila roketi inaporuka kutoka kisiwa cha jirani, Penchalayya alijulikana kwa mambo mawili. Kwanza, hakuna aliyemshinda kukereza miti, kuichonga ikizunguka kwenye mashine. Pili, hakuwahi kutazama roketi ikiruka. Watu walipokimbilia mapaani, yeye aliwasha mashine yake ya kukereza, akainama, akaacha makelele yake yamzibe masikio mpaka mkewe, Rattamma, aje kumwambia kwamba mambo yamekwenda salama.

Haikuwa dharau, ilikuwa hofu. Kabla ya kila safari, wahandisi wa shirika la anga hupeleka sanamu ndogo ya roketi kwenye hekalu la mungu wa kike, Mama Chengalamma, ikabarikiwe, na sanamu hiyo ilitoka mikononi mwa Penchalayya tangu ujana wake. Roketi moja iliwahi kuanguka baharini, naye akakosa hamu ya kula hata mchuzi wa samaki wenye maembe mabichi, akijiuliza kama ncha ya sanamu aliikereza kwa pupa. Rattamma alimweleza mara nyingi kwamba mambo ya injini hayamhusu mtu wa mbao. Alimsikiliza, lakini moyo haukutulia.

Safari hii alikuwa amekwisha maliza sanamu ya roketi nyembamba, ile ya siku zote, na rangi imeshakauka, mhandisi Bhanumati alipofika na pikipiki, uso umejaa haya. Alieleza kwamba setilaiti imeongezewa vifaa, imekuwa nzito, na roketi nyembamba haiwezi tena kuibeba. Shirika limeamua kutumia roketi yake nyingine, ile nene yenye nguvu zaidi.

"Kumbe imenenepa," alisema Rattamma akimpa kahawa. "Wala si ya kwanza kunenepa siku za sherehe zikikaribia."

Bhanumati alicheka. Kisha akasema kwa upole kwamba Mzee asijisumbue, kwa kuwa safari i karibu na ofisini ipo sanamu ya plastiki. Watakwenda na hiyo.

Penchalayya alimgeukia Bhanumati.

"Plastiki, mama? Mtampelekea Mama Chengalamma plastiki?"

"Mzee wangu, muda hautoshi."

"Piteni hapa mkienda hekaluni. Mkikuta sijamaliza, nendeni na plastiki yenu."

Pikipiki ilipoondoka ndipo akili ilipomrudia. Roketi nene inataka mti mnene uliokauka, maana mbichi hupasuka. Karakana nzima ilikuwa na magongo manne tu ya namna hiyo, ya mtiki, na yote yalitengwa yawe miguu ya kitanda cha arusi. Kitanda chenyewe kiliagizwa na shemeji yake Obulesu, kaka wa Rattamma, kwa ajili ya binti yake.

Obulesu aliuza samaki sokoni, na tangu Penchalayya amwoe dada yake, wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila kutaniana. Alilisikiliza ombi la Penchalayya la gongo moja huku akiparua magamba ya samaki.

"Yaani binti yangu alalie miguu mitatu ili serikali ipate roketi?"

"Nitaagiza gongo jingine kutoka mji wa Nellore. Litafika kabla ya arusi."

"Lisipofika, na mkwe wangu akiuliza?"

"Mwambie mguu wa nne umekwenda hekaluni kumwombea. Kwa mke anayemwoa, ataona umefanya jambo la maana."

Obulesu alicheka mpaka wateja wakageuka. Alipotulia alisema gongo analitoa, ila kwa sharti moja.

"Siku ya roketi kuruka huwashi mashine. Utapanda kwenye paa langu utazame. Mguu wangu hauwezi kwenda juu nikautazama peke yangu."

Penchalayya angeona nafuu kama angeambiwa atengeneze kitanda kizima bure. Hata hivyo alikubali.

Alikereza, akapiga msasa, akapaka rangi. Bhanumati alipopita na wenzake, aliipokea sanamu nene kwa mikono miwili, akairudisha ile ya plastiki mkobani.

Siku ya kuruka, Obulesu alimshika shemeji yake kifundo cha mkono kama aliyekamata mwizi. Redio ya jirani ilianza kuhesabu kurudi nyuma. Penchalayya akafumba macho. Mwanga ukampenya kopeni, kisha mngurumo ukafika, na paa likatetemeka chini ya nyayo zake.

"Fumbua macho, shemeji. Kitanda kinapanda."

Akafumbua. Aliiona juu ya minazi, nene, na mabega yale yale aliyoyakereza, ikipanda bila haraka kama kitu kinachojua kiendako. Aliifuata kwa macho mpaka ukabaki uzi wa moshi. Redio ilipotangaza kwamba setilaiti imefika mahali pake, paa zima lilipiga makofi, naye akagundua kwamba sasa ni yeye aliyemng'ang'ania Obulesu mkono.

"Ile nyembamba itaruka lini?" aliuliza. "Sanamu yake iko tayari."

"Niachie mkono kwanza," alisema Obulesu, "halafu ukamalize kitanda."