Ugonjwa wa Wanawake

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Wakati wa vita nilikuwa nasomea udaktari Bukavu. Siku moja profesa alituita tuzunguke kitanda cha mama mmoja wa Nyangezi, ambaye miguu yake ilikataa kutembea tangu askari waingie nyumbani kwake. Kwetu mgonjwa hupewa pole kabla ya kuguswa. Profesa hakusema pole. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, kama walivyofundisha mabingwa wa mishipa ya fahamu wa Ufaransa karne ya kumi na tisa. Mishipa ilikuwa mizima.

"Isteria," akatuambia, akicheka. Akicheka! "Mwili mzima, lakini hofu ya moyoni inaukatalia kazi. Wakubwa wa Paris waliijua zamani. Ni ugonjwa wa wanawake."

Hapo risasi zikalia upande wa Bagira. Sote tukalala chini. Zilipotulia profesa alisimama, lakini mkono ulimtetemeka hata kinyundo kikamponyoka. Akakiokota, kikaanguka tena.

Yule mama alimtazama kutoka kitandani.

"Pole, profesa," akasema. "Na hiyo yako, inaitwaka je?"

Profesa alikiacha kinyundo sakafuni, akatoka.

Baadaye nilijisomea mwenyewe kitabu cha mkubwa wao wa Paris. Aliandika kuhusu wanaume pia, wafua vyuma na watu wa reli, walioshikwa na isteria baada ya kitisho kikubwa. Kitabu hicho kilikaa mezani kwa profesa mwaka mzima, naye alitusomea humo kila wiki. Kurasa za wanaume aliziruka.