Nyota za Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa chumba cha mbele hakai bure hata akiwa hoi. Akishakunja nguo ya mwisho ya watu, huchungulia makaa yaliyosalia ndani ya pasi na kusema, "Moto huu sasa ni wangu." Ndipo hutoa maboksi ya maziwa aliyoyapasua na kuyaosha, akayalaza upande unaong'aa juu, akayafunika kwa kitambaa na kuyanyoosha taratibu kama kola ya bwana harusi. Kifundo cha mkono wa kulia kimemvimba, kwa hiyo mkasi huushika kwa kushoto, na kila nyota yake ya Krismasi hutoka na pembe moja fupi. "Hii nayo imechoka," humwambia jirani yake, mama mwenye mtoto mgongoni, anayemtungia uzi kwenye sindano huku akipiga miayo.

Jana alasiri, zikiwa zimebaki nyota nne za kutungia uzi, binti yake alipiga simu. Hatakuja sikukuu, kazini wamemnyima ruhusa, mwaka huu tena. "Haya, mwanangu. Usilie mbele ya bosi." Akaweka simu chini, akawa anakisugua kile kifundo.

"Basi hizi tuziweke tu hadi mwakani, mama?" jirani aliuliza kwa upole.

"Tuziweke kwani mimi siishi humu? Nishikie kiti, mama kichanga, kinayumba."

Akapanda huku akiguna. Miaka yote huzitundika mlangoni, zimpokee mgeni. Safari hii alizitundika juu ya kitanda chake, pale atakapoziona akilala chali.